Jezi ya Siku Mbili

San Fermín, Texas
30 Agosti 1987

Kaka Varo,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Mama husimama pembeni akinivuta mkono, Baba anauliza kutoka sebuleni, "Anasemaje? Anasemaje?" na ulimi wangu unaganda. Unanijua. Hata mwalimu wa kemia amenizoea. Akitaka jibu langu ananiletea karatasi.

Tangu uondoke nyumba imekuwa na nafasi, na siipendi. Jana nilipita kile kiwanja cha nyuma ya ghala la mabalungi. Nikapiga goti palepale nilipozoea kukushikia ule mpira wa Kimarekani wenye ncha mbili ili uupige teke, nikaweka kidole hewani kama vile mpira uko chini yake. Halafu nikawaona watoto wa jirani wananitazama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Baba amewatangazia watu wote wa ghalani kwamba Chuo kimekuita. Unakumbuka siku ile kocha Strickland alipokuja shuleni, mimi ndiye niliyetafsiri. Alisema wangefurahi ukienda kujaribu, mlango uko wazi. Nikayapitisha yote kwa Kihispania, neno kwa neno, na Baba akayapokea kama posa. Hakuuliza ni nani atakayekulipia masomo. Nami sikumwambia kwamba kuachiwa mlango wazi si sawa na kuitwa ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka na mtu aliyevaa tai.

Mama anauliza unakula nini. Jibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Ni mimi, mshikaji wako wa mpira,
Delfina


Tolliver, Chuoni
13 Septemba 1987

Delfina,

Mwambie Mama: nyama. Asubuhi mayai na nyama, mchana nyama, jioni kipande kinachoning'inia nje ya sahani. Msomee hapo kwa sauti.

Wapiga teke tuko watatu. Wa kwanza ni Kip Lundgren, nywele rangi ya mahindi, ana ufadhili kamili wa masomo, na anapiga mpira kama anayefukuza kuku. Wa pili yupo yupo tu. Wa tatu mimi. Sisi tuliokuja bila ufadhili, wa kujileta, wenzetu wanatuita wadandiaji. Siku ya kwanza Lundgren aliniuliza mbele ya watu wote, "Wewe mdandiaji, unashukia kituo gani?"

Nikamwambia, "Hapohapo ulipokaa."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia yake ya chuma. Sasa jina langu ni Kituo. Hata wapiga pasi wa nguo wananiita Kituo.

Mpira unapaa vizuri, Delfina. Yadi arobaini na tano, arobaini na nane, katikati ya milingoti. Anayenishikia ana mikono ya baridi na hukohoa wakati nakimbilia, lakini nitamzoea.

Kocha Strickland alinisimamisha kwenye ujia. Nikadhani ataniambia kuhusu mateke yangu. Akauliza, "Yule kijana mkubwa wa kwenu, Cavazos, hajambo?" Nikasema Ubaldo hajambo. "Kijana mzuri," akasema, akaenda zake. Nadhani anawapenda watu wa kwetu.

Kakako wa pale juu,
Varo


San Fermín
12 Oktoba 1987

Kaka Varo,

Jumamosi tulitazama mchezo wenu kwa Mama mdogo Chelo kwa sababu televisheni yake ina rangi. Baba alisogeza kiti hadi Mama mdogo akamuuliza, "Shemeji, unataka kuingia mle ndani?"

Kila walipoonyesha benchi, Baba aliruka: "Yule! Yule pale!" Wa kwanza alikuwa mbeba maji. Wa pili alikuwa na ndevu. Mama akasema mwanawe ana mabega membamba, wamtafute mwenye mabega membamba. Mwishoni tulimpata mmoja, namba thelathini na nane, kainamisha kichwa kama wewe ukikemewa. Tumekubaliana ni wewe. Mama aligusa kioo. Je, ni wewe?

Kocha wako anamuulizia Ubaldo. Makocha wa vyuo wanamjia kama wachumba, kila mmoja anamtaka kwenye timu yake. Magari ya kukodi yanapanga foleni mbele ya duka la matairi la baba yake, Don Lalo, naye anawapokea kwa mikono yenye grisi makusudi, aone nani atakataa kumshika. Ubaldo mwenyewe yuleyule. Anabeba tairi la lori kila mkono, lakini akiongea utadhani kuna mtoto mchanga amelala chumbani. Anakaa nyuma yangu darasani. Juzi alininong'oneza, "Delfina, swali la nne umelipataje?" Nikampa daftari lote, nikatoka mbio kabla kengele haijalia. Mpaka leo daftari liko kwake.

Mama ameniuliza kama hiyo nyama inapikwa na pilipili.

Anayekutafuta kwenye kioo,
Delfina


Tolliver
1 Novemba 1987

Delfina,

Barua hii usiisome kwa sauti.

Thelathini na nane si mimi. Siku ile mimi nilikuwa kwenye ngazi za juu kabisa pamoja na wanafunzi, na mtu amenimwagia soda. Jezi huvaa wanaohitajika. Wengine tunafanya mazoezi Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa tunasahauliwa.

Na nyama hakuna. Bwalo la wachezaji ni la wenye ufadhili, ndiyo sheria. Wa kujileta tunapita dirishani tukitoka mazoezini, tunaona mvuke. Nakula biskuti za chumvi na maharage ya kopo ambayo sina pa kuyapasha moto. Mama akijua atapanda basi usiku huohuo, kwa hiyo asijue.

Nimeona kitu kingine nacho kinanikaa kooni. Chumba cha jirani alilala Odell Pruitt, mkingaji wa mbele, mkubwa kama Ubaldo. Mwezi wa tisa goti lake lilivunjika. Nililisikia mimi, niliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Walimchoma sindano, wakamrudisha mazoezini baada ya muda mfupi, likavunjika tena. Kumbe ufadhili wenyewe ni wa mwaka mmoja mmoja, wakitaka wanauongeza, wasipotaka basi. Wamemwambia hawataongeza. Amekwenda kwao na magongo, na kitanda chake kina mtu mwingine tayari, anakoroma.

Sasa sikiliza. Strickland ameniita. Amesema, "Wewe na Cavazos ni kama ndugu, sivyo? Mwenzako akija, na wewe nafasi yako itapatikana." Ufadhili, Delfina. Mkopo wangu unaishia Mei. Baada ya hapo ni mawili tu: wanipe ufadhili, au nirudi nifungashe mabalungi kando ya Baba, na watu wa ghalani wanitazame.

Ubaldo hapigiki simu, Don Lalo anazikata zote. Zungumza naye wewe. Najua ninachokuomba. Mwambie huku kuzuri.

Na habari za Odell usimwambie mtu.

Varo


San Fermín
20 Desemba 1987

Kaka,

Nimezungumza naye. Nakueleza yote ujue ilivyokuwa.

Nililizunguka duka la matairi mpaka mbwa wao akachoka kunibwekea. Ubaldo alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Mimi hana jina?"

"Delfina. Wa kemia."

Akajivuta nje, grisi mpaka masikioni. "Lo! Kumbe una sauti."

Don Lalo akapaza kutoka ndani, "Ubaldo! Kama ni kocha mwambie chakula kimekwisha!"

"Si kocha, Baba. Ni msichana."

"Basi si unawe mikono, mshenzi wewe!"

Alinawa, Varo. Alinawa kwa muda mrefu sana, na mimi nikawa natazama kalenda ukutani nikiomba ardhi inimeze. Aliporudi akauliza, "Kakako ana raha kule?"

Nikasema, "Ana raha."

"Anacheza?"

"Anakaribia."

"Varo hajawahi kunidanganya," akasema. "Kocha yeyote anaweza kunidanganya, ndiyo kazi yake. Lakini kama Varo ana raha, na mimi nitaangalia huko."

Basi hiyo ndiyo sauti niliyoitoa. Miaka yote naihifadhi, nikaitumia kwa hilo.

Jambo la pili. Jumanne kocha mkuu mwenyewe alikuja San Fermín na Strickland. Mama akasema haiwezekani mwalimu afike mjini asiingie kwa mzazi wa mwanafunzi wake. Yeye na Mama mdogo wakaamka kufunga tamale za nyama kwenye maganda ya mahindi, masufuria mawili. Baba aliomba ruhusa ghalani, akafagia uwanja, akavaa kofia ya Jumapili. Nyumba ya kina Cavazos iko mwisho wa barabara yetu na barabara ni hiyohiyo moja. Gari likapita. Baba akasema, "Wanaanzia kule. Ni adabu, mgeni huanzia mbali."

Tukangoja. Gari likarudi. Strickland alinitazama kupitia kioo, akanijua. Akainua vidole viwili juu ya usukani, wakaenda.

Baba alibaki langoni na kofia mkononi. Mama akasema, "Labda ndege ingewaacha." Tumekula tamale wiki nzima, asubuhi na jioni, na hakuna anayesema kwa nini ni nyingi.

Delfina


Tolliver
18 Januari 1988

Delfina,

Kocha ana shughuli nyingi, mwambie Baba asiweke moyoni.

Sasa ngoja nikupe habari. Ubaldo na baba yake walikuja kutembezwa Chuoni. Ijumaa asubuhi Strickland alinifuata mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa. "Varo, mwanangu," akasema. Sikujua kama analijua jina langu. Wakanipa jezi. Delfina, ilikuwa na jina letu mgongoni, ELIZONDO, herufi kubwa nyeupe. Kabati langu wakalihamishia karibu na la Lundgren, na jina juu yake. Lundgren akanishika bega akaniita ndugu. Nadhani alikuwa ameshaambiwa.

Wakatuketisha bwaloni, meza ya mbele, mimi, Ubaldo na Don Lalo. Nilikula. Sikufichi, nilikula mpaka nikajionea haya, na bado nikaongeza. Don Lalo alipoliona jina kwenye kabati alitoa leso. Akasema, "Elizondo! Kijana wa ghalani! Baba yako angeona hili!"

Tulipobaki wawili chooni Ubaldo akaniuliza, "Varo, ni hivi kila siku?"

Nikamwambia, "Kila siku."

Jumatatu jezi waliichukua kufua. Kibandiko cha jina kabatini kimedondoka, humu ndani kuna unyevu mwingi.

Strickland ameniambia siku Ubaldo atakapotia saini ya kujiunga nasi niende ofisini kwake, siku hiyohiyo. Akanipa mkono. Delfina, mkono kabisa, mbele ya katibu wake. Wewe hakikisha tu kijana habadili nia. Kidogo kimebaki.

Aliyeshiba,
Varo


San Fermín
10 Februari 1988

Varo,

Ubaldo ametia saini leo, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, mama yake analia, mpiga picha wa gazeti anawaambia watu wasogee. Hajasaini kwenu. Anakwenda chuo kidogo hapa chini, mwendo wa saa mbili kwa gari, ambacho hakijawahi kuonyeshwa kwenye televisheni.

Utaambiwa na watu sababu hii na ile. Sababu ni mimi.

Jumapili baada ya misa alinikuta kwenye foleni ya kununua nyama ya kichwa cha ng'ombe. Akanivuta pembeni, ukutani pale. Akasema, "Kakako alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Halafu nikamwona akitia mikate kwenye mfuko wa koti. Anayekula vile kila siku hafichi mkate."

Nikahesabu watu waliobaki kwenye foleni.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe husemi," akasema. "Wanaosema nimewasikia wote, nimechoka nao. Nikienda kule, goti likanivunjika, wananifanya nini?"

Usidhani yalinitoka kwa bahati mbaya. Uwongo nilikuwa nao tayari, nimeufanyia mazoezi njia nzima kanisani badala ya kusali. Ningesema wana madaktari wazuri. Ilikuwa sentensi moja. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu, mkubwa vile, ameshika mfuko wa chapati za tortila kwa mikono miwili, anangoja jibu langu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nikamweleza habari za Odell Pruitt. Nikaeleza habari za bwalo. Nikaeleza kila kitu, Varo, nilisema kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusema na mtu yeyote, mpaka foleni ikatupita.

Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na Varo itakuwaje?"

Nikamwambia sijui. Huo nao ulikuwa uwongo, nilijua.

Mimi naona wasingekupa kitu. Watu wanaokuvika jezi Ijumaa na kuivua Jumatatu hawatoi kitu. Kibandiko hakikudondoka. Unajua kwamba hakikudondoka.

Nichukie, lakini kwanza rudi nyumbani ule.

Delfina


Tolliver
21 Februari 1988

Delfina,

Barua yako ilikuwa haijanifikia. Kwa hiyo siku ile nilikwenda ofisini kama nilivyoambiwa. Nimevaa shati la kupiga pasi, nimechana nywele kwa maji. Strickland alikuwa kwenye simu anambembeleza mama wa kijana wa Ohio. Akaziba simu kwa kiganja. "Ndiyo, unataka nini?"

Nikamwambia, "Ulisema nije leo."

Alinitazama, akanikumbuka polepole. Akasema, "Siku nyingine, mwanangu," akarudi kwa mama wa Ohio.

Hakunikasirikia. Ningekuwa na nafuu angenikasirikia. Jumatatu kabatini mlikuwa na viatu vya mtu mwingine. Vitu vyangu vilikuwa sakafuni kwenye mfuko wa takataka. Lundgren alikuwepo. Hakusema "Kituo" wala hakusema ndugu. Aliinua miguu tu, nipite.

Unasema wasingenipa. Huenda. Huenda wangenipa. Sasa hatutajua, wewe wala mimi, na wewe ndiye uliyetaka tusijue.

Nilikuomba jambo moja. Sikukuomba uongo mkubwa, nilikuomba unyamaze, kitu ambacho umekifanya tangu kuzaliwa bila kuombwa. Kwa Mama unanyamaza, kwa walimu unanyamaza, kwa padri unanyamaza. Siku ninayokuhitaji kimya chako ndiyo siku unayopata kinywa.

Umemwokoa mtoto wa Don Lalo. Mimi ni mtoto wa nani?

Na kama ni siku za kusema kweli, imalizie. Sema unampenda.

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Wazazi usiwaambie kitu.

Evaristo Elizondo


San Fermín
20 Machi 1988

Varo,

Umenikataza kuandika na nimengoja, lakini umesaini kwa jina lako lote kama unayemwandikia benki, na siwezi kukaa nalo.

Ndiyo. Nampenda. Tangu darasa la saba, alipotapika kwenye basi la shule na kuomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja. Nimejiuliza kama nilisema kwa sababu hiyo. Nikifika usiku wa kufikiri sana naona ndiyo, asubuhi naona hapana. Siwezi kuvitenganisha tena. Ungekuwa unaniuliza uso kwa uso ningetikisa kichwa na usingejua nimetikisa kwa upande gani.

Kama unadhani nimepata faida: Don Lalo amejua ni mimi. Alikuwa ameshawaambia watu mwanawe ataonekana kwenye televisheni. Alikuja mpaka langoni kwetu, Mama akadhani amekuja kuniposea mwanawe, akakimbilia kuvua aproni. Alichosema ni, "Binti yenu ana mdomo," akaondoka. Mama alicheka mpaka akaketi. "Delfina? Mdomo?" Anamsimulia kila mtu kama kichekesho.

Na Ubaldo amehamia kiti cha mbele darasani. Tukikutana kwenye ujia anatazama sakafu. Nadhani mtu hapendi kumwona aliyemwona akiogopa. Daftari langu alilirudisha kupitia kwa mwalimu.

Lakini ninaandika kwa sababu ya Baba. Watu wa ghalani wamekubaliana kuchukua basi zima mwezi wa tisa waje Tolliver kukuona ukicheza. Baba ndiye aliyeanzisha. Amewagawia viti: Mama mdogo Chelo dirishani kwa sababu hutapika, wazee mbele, wenye watoto nyuma. Mama anashona kitambaa kikubwa chenye jina letu, amefika herufi ya Z. Kila jioni Baba akitoka kuoga ananiuliza, "Varo ameandika?" nami nasema ana mitihani. Amesema vizuri, ukimaliza mitihani umwambie milango ya uwanja inafunguliwa saa ngapi.

Umesema nisiwaambie kitu na sijawaambia. Kila jioni nakaa pale na kimya ulichokuwa unakitaka, sasa ninakupa chote, na hakikusaidii tena.

Piga simu Jumapili. Mama atapokea, Baba atauliza kutoka sebuleni anasemaje, na mimi nitakuwa nimesimama kando yao. Waambie wewe. Mimi nilisema kweli mara moja mwaka huu. Sina nyingine.

Delfina